Udi Ulioagizwa kwa Kompyuta

Siku walonifanyia karamu ya kuniaga kazini, msichana mmoja wa kitengo chetu, Nuha, alinikalia karibu na sahani yake ya keki, akaniuliza kama ni kweli zamani watu walikuwa wakija kulalamika kwa miguu yao. Nikamwambia ndiyo, na wengine walikuja na bidhaa yenyewe mkononi, na kuna mmoja alotuletea samaki. Akacheka mpaka keki ikamponyoka. Kisha akasema, "Bi Raya, tuandikie. Lakini kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, si kwa Kiarabu cha barua za ofisi."

Basi naandika. Vyeo na mishahara naviacha. Vimo kwenye faili langu, na havina ladha.

Niliingia ofisi ile ya Ruwi, huku Uarabuni, nikiwa mwanasheria mpya kabisa, najua vifungu kwa moyo na sijui kitu kingine chochote. Kitengo chetu kilipokea mashtaka ya wanunuzi na ya wafanyabiashara: mizani iliyochezewa, jina la duka lililoibwa, mzigo uliofika umeoza. Zana zetu zilikuwa muhuri, faksi iliyopenda kutafuna karatasi, na taipureta ya Kiarabu iliyokatika herufi ya qaf. Sheria kwa Kiarabu ni qanuni, inaanza na qaf. Kwa muda mrefu kitengo cha sheria hakikuweza kupiga chapa neno sheria. Tulikuwa tukilijazia kwa kalamu.

Mkubwa wangu alikuwa Ustadh Bakri, mshauri wa sheria kutoka Sudan, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito na kilemba cheupe kisichojua doa. Siku yangu ya kwanza hakunionesha meza wala kiti. Alinichukua mpaka soko la Matrah, akanisimamisha mbele ya duka la viungo lililoshitakiwa, akaniambia, "Vitabu vyako viache kwanza. Duka lina mlango. Mlango una ufunguo. Nani anao ufunguo? Ukishamjua huyo, nusu ya kesi umeimaliza." Nikaona ni maneno mepesi mno kwa mtu alosoma kama yeye. Nikaja kuona kwamba mawakili wazima hupoteza kesi kwa kumshitaki asiyekuwa na ufunguo.

Kwa miaka mingi kanuni ile ilitutosha. Kisha ikaja kompyuta yenye intaneti. Mkurugenzi aliitia pembeni, akaishonea kitambaa cha kuifunika kama birika la wageni. Ilitumia laini yetu ya simu, na kila ikiunganishwa ililia kama paka wawili waliofungiwa kabatini. Ikiwa imeunganishwa, simu haiingii. Watu wakawa wanasema ofisi yetu imefungwa. Mimi ndiye nilopelekwa mafunzo, kwa sababu nilikuwa mdogo wao wote na sikuweza kukataa. Nikarudi nikiwa mjuzi wa kitengo, yaani najua kuiwasha.

Mashtaka ya mwanzo ya intaneti yalikuwa madogo. Fundi cherehani alikuta picha za kanzu zake zinatangazwa na mtu mwengine. Mtu wa magari alifunga mkataba kwa barua pepe, mwenzake akakana, na sisi tukakaa asubuhi nzima kubishana kama karatasi iliyotoka kwenye mashine, isiyo na saini wala muhuri, ni ushahidi au ni karatasi tu. Sheria ya mambo hayo ilikuwa bado haijatungwa. Ustadh Bakri aliinamia skrini, akalitazama duka la kwanza la intaneti alilopata kuliona, halafu akaniuliza taratibu, "Mlango wake uko wapi, Raya?"

Kesi ninayotaka muijue aliileta kijana wa Sidab. Akiitwa Khalfan, ameoa karibuni, na alikuwa na kompyuta kazini kwake. Akaona kwenye intaneti duka linalouza udi wa kupika kwa mkono, "udi wa Bi Thuwaiba wa Sib", akaagiza kwa ajili ya harusi yake. Dereva wa teksi akamletea vikopo mpaka nyumbani, akalipwa, akaenda zake. Siku ya harusi wanawake wakautia udi chetezoni. Dada yake Khalfan, Maryam, alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini alikuwa amekulia ndani ya moshi wa udi na haukupata kumdhuru. Moshi huu ulipomfika, alianguka katikati ya wenzake, vigelegele havijakoma. Lilipoletwa kwetu shitaka hili, Maryam alikuwa bado amelazwa hospitali, anapumulia mashine. Daktari alisema kilichochomwa kilikuwa na kemikali.

"Niliwaandikia hao wenye duka," Khalfan alisema. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kukesha. "Niliwaandikia kwamba dada yangu yuko mahututi, waniambie wametia nini, madaktari wanataka kujua. Hawakunijibu. Nataka nimjue huyu Bi Thuwaiba ni nani."

Mimi nilimjua. Jamaa zetu wote walotoka Unguja walimjua Bi Thuwaiba wa Sib. Alikuwa mjane, mtu wa dini na wa mkono safi, apikaye udi wake nyuma ya nyumba: sandali, sukari, mawardi, miski, na mambo yake mengine asiyoyataja. Na hauzi kwa yeyote tu. Ukitaka udi wake lazima umwendee, ukae, unywe kahawa, akuulize ni wa harusi ya nani, na asipokuridhia atakwambia umekwisha. Udi wa harusi yangu mwenyewe aliupika yeye. Nikamwambia Ustadh yote haya pale pale, kwani haikufaa nimfiche.

"Basi wewe utamwita," akasema, "na maswali nitauliza mimi."

Bi Thuwaiba akaja na buibui lake, akidhani ameitwa kwa jambo la jirani yake. Ustadh alimweleza kwa adabu, akimwita Hajja. Alipofika kwenye neno hospitali, mama wa watu alishika ukingo wa meza.

"Mie na kompyuta wapi na wapi?" akaniambia kwa Kiswahili. "Mwanangu Raya, mie hata simu nashikiwa. Mwambie huyu."

Nikaiwasha mashine, ikalia vilio vyake, picha ikafunguka kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini, kama ilivyokuwa zama zile. Likatoka jina lake kwa herufi za dhahabu. Kisha likatoka sinia lenye udi unaopoa, na chini ya sinia mkeka. Bi Thuwaiba alinyoosha kidole akaigusa skrini.

"Sinia langu hilo," akasema. "Na mkeka wangu. Nani kaingia nyumbani kwangu?"

Nikawaza kwamba aliyepiga picha ile hakuingia, alikuwamo. Kazi yetu ina siku ambazo jambo la busara ni kumimina maji kwenye gilasi na kumpa mtu anywe.

Aliondoka na ombi moja tu: jina lake lishushwe kwenye mashine ile siku hiyo hiyo. Tukaiandikia kampuni ya ng'ambo iliyouza anwani ya tovuti. Walitujibu kwa ufupi na bila ya salamu. Anwani ni ya yule aliyeinunua. Kama kuna mwengine anayedai jina hilo ni lake, alete hati ya usajili wa jina la biashara. Bi Thuwaiba hakuwa na hati. Hakupata kusajili kitu. Nani angesajili jina alilopewa na baba yake? Mnunuzi wa anwani ni nani, hawakutwambia.

Ustadh Bakri aliisoma barua ile mara mbili, akavua miwani. "Maana yake ni kwamba huyu mwizi ndiye Thuwaiba," alisema, "na Hajja ndiye anayejifanya." Nimefanya kazi naye miaka mingi, na siku hiyo ndiyo nilomwona amepigwa na butwaa waziwazi, kinywa wazi, kama mwanafunzi.

Tulikuwa na shitaka lisilokuwa na mshitakiwa, duka lisilokuwa na mlango, na mgonjwa hospitali. Tulichobaki nacho ni kile anachokifanya mnunuzi yeyote. Tukanunua. Ustadh akapata ruhusa ya mkurugenzi, nami nikaagiza kopo la udi kwa jina la mama yangu, niletewe nyumbani kwangu Azaiba. Tovuti ile ilijibu upesi sana: nitaletewa alasiri, ahsante kwa kutuamini. Ustadh akaja nyumbani mapema kama shahidi. Bi Thuwaiba naye tulimwomba awepo, aunuse udi, aseme kama ni wake au si wake.

Mume wangu akakaa na Ustadh barazani. Mimi na Bi Thuwaiba tulikaa ukumbini, kahawa mbele yetu, mlango wa mbele upo wazi. Alikuwa akikizungusha kikombe chake mkononi. Hakuwa amemweleza mtu yeyote wa nyumbani kwake khabari ya shitaka lile. Alinambia anaona haya wanawe wasikie kwamba mama yao ametiwa midomoni mwa watu. Nikasikia gari limesimama nje, halafu sauti ya mwanamke mlangoni, changamfu kabisa:

"Hodi! Hodi wenyewe! Nimeleta udi wenu. Dereva kasafiri, nikaona nije mwenyewe, ni nyumba ya mama mtu mzima."

Kikombe kilimtoka Bi Thuwaiba mkononi. Hakikuvunjika, kilibingirika mpaka miguuni pangu, na kahawa ikaingia kwenye zulia. Alikuwa hajamwona mtu bado. Sauti peke yake ilitosha.

Akaingia Asya, bintiye wa mwisho, kashika mfuko wa karatasi wenye utepe. Alitabasamu kwangu kwanza. Kisha akamwona mama yake.

Nimeona watu wengi wakishikwa na makosa yao. Wengine hukasirika, wengine hulia, wengine huanza papo hapo kuhadithia. Asya alifanya jambo ambalo sikupata kuliona. Aliuficha mfuko ule nyuma ya mgongo wake, kama mtoto aliyekutwa na kipande cha halua.

"Nipe," mama yake akasema.

"Mama..."

"Nipe, Asya."

Bi Thuwaiba alifungua kikopo, akanusa, akasita. Akatia vidole, akafukua. Juu ulikuwa udi wake kweli, mweusi, unang'aa. Chini yake ulikuwa unga wa mbao, umerowekwa mafuta ya rangi yenye harufu kali ya kukereketa koo. Akautia ule unga kwenye kiganja chake, akamnyooshea binti yake bila ya neno. Ustadh Bakri alikuwa amesimama mlangoni. Aliona yote, akainamisha kichwa.

Maelezo ya Asya yalikuja baadaye, kwa vipande. Alisomea kompyuta, na kazi hakupata. Alimwomba mama yake wauze udi kwenye intaneti, mama akamjibu kwamba hauzii watu asiowaona. Basi akauza yeye, kwa kuchota kidogo kidogo mitungini mwa mama yake. Mwanzo ulikuwa udi mtupu. Watu wakaupenda, wakaagiza wengi, mitungi ikaanza kuonesha imepungua. Ndipo akaenda kununua ule unga wa mbao kwa mtu wa jumla, akautandika chini. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, akili nyingi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudishia kopo. Duka lisilokuwa na mlango mteja hajui aende wapi kurudisha.

Siku ya pili yake tukamwita Khalfan ofisini. Bi Thuwaiba akaja na Asya, akamwacha kwenye kiti cha ukumbini nje, yeye akaingia peke yake. Kabla Ustadh hajafungua mdomo, akasema kwa Kiarabu kilichonyooka:

"Udi ni wangu. Duka ni langu. Jina lililoandikwa ni langu, na mimi ndiye niliyeupika. Niandikeni mimi."

Nilimtazama, na nadhani nilikuwa na kinywa wazi. Mwanamke asiyepata kusema uongo juu ya kijiko cha sukari, amesimama mbele ya watu anajitia kosa la kumpeleka mtu hospitali. Na kubwa zaidi lililonishitua ni kwamba tungeweza kuyakubali maneno yake. Kila kitu kilimwelekea yeye: jina, sinia, mkeka. Khalfan alikuwa amekwisha kumgeukia, ngumi amezikunja mapajani. Faili lingefungwa adhuhuri, na hakuna mtu angetuuliza.

Ustadh Bakri aliweka kalamu chini.

"Ya Hajja," akasema, "jana nilikuwa Azaiba. Nilisimama mlangoni. Hutaki niyaandike niliyoyaona, nakufahamu, mimi pia mzazi. Lakini usiniombe niandike ambayo sikuyaona."

"Huyo ni mtoto," Bi Thuwaiba akasema.

"Na aliye hospitali?" Khalfan akauliza. "Yeye si mtoto wa mtu?"

Mlango ukafunguliwa. Asya alikuwa amesikia. Kuta za ofisi ile zilikuwa za mbao nyembamba, na nyinyi mnaofanya kazi jengo jipya hamjui raha mliyonayo. Alisimama akimtazama Khalfan, si sisi.

"Mama hajui kitu," alisema. "Ni mimi. Na ule ujumbe wako niliusoma. Nikadhani unatafuta upewe kopo jengine la bure. Nikaufuta."

Hapo ndipo Bi Thuwaiba alipolia. La unga wa mbao alilistahamili, hili hakuliweza. Khalfan alisimama, akatoka mpaka ukumbini, akakaa huko muda, kisha akarudi akatwambia tu tuandike. Tukaandika. Asya akataja kila alichokitia, jina la mafuta na alikoyanunua, na mimi nikaipiga simu hospitali kabla hata ya kumaliza karatasi ya kwanza. Ilinilazimu kuifungia mashine intaneti ili simu itoke.

Mwaniuliza sheria ilisemaje. Mkutano baada ya mkutano, wataalamu walibishana kama tovuti ni duka, kama kubonyeza ni kukubali, kama mkataba umefungwa Sidab ama Sib ama kule ng'ambo ilipo kampuni. Maswali mazuri, na baadaye yalitungiwa sheria, na mimi nilikuwa mmoja wa walioketi kuijadili. Lakini hakimu wa kesi ile hakuyahitaji. Akamtia Asya hatiani kwa kughushi bidhaa na kuwauzia watu kitu chenye madhara, kosa lililokuwepo kabla ya umeme. Akapewa adhabu yake akaitumikia, akakatazwa biashara kwa muda. Anwani ya tovuti aliisalimisha mwenyewe. Jina la Bi Thuwaiba tukalisajili kwa mkono wangu, na mwenyewe alipotia saini alinambia anajihisi kama mtu anayenunua viatu alivyokwisha kuvivaa.

Maryam alitoka hospitali. Kifua kilibaki dhaifu; ngazi zikawa adui yake. Kesi ilipokwisha, Bi Thuwaiba alinipigia simu, akaniomba nimsindikize yeye na Asya Sidab kwenda kutaka radhi. Ofisi haikunituma. Nilikwenda kama mtu niliyefukiziwa udi wake siku ya harusi yangu.

Tulipokewa kwa heshima, kama desturi: tende, kahawa, matunda. Udi haukutolewa, na hakuna aliyetarajia. Maryam aliketi juu ya godoro, nyuma ameegemezwa mito, mwembamba, mkubwa kidogo tu kuliko Asya. Bi Thuwaiba alizungumza maneno aliyoyapanga, na mama yao Khalfan akayapokea kwa maneno yanayofaa. Asya hakunyanyua kichwa. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Maryam akamwita kwa jina.

"Asya. Ule ujumbe wa kaka yangu. Ulipoufuta, ulijua mimi ni nani?"

"Hapana," Asya akajibu kwa sauti ndogo. "Niliona maandishi tu."

Maryam alivuta pumzi, na sote mle chumbani tuliisikia inavyopanda kwa taabu.

"Basi nitazame," akasema.

Asya akanyanyua macho. Na Maryam hakumwachia, alikaa vile vile akimtazama, mpaka kahawa ikapoa na sisi wengine hatujui tuyapeleke wapi macho yetu.